Picha ya Popo wa Pemba

Ziwa, Eldoret

Mwanangu Jelagat,

Mahindi yamebeba vizuri, na yule mtamba uliyemwacha amezaa. Picha uliyopigwa ukiwa na popo wako unaowachunguza huko Pemba imefika. Nilijua kwamba wao ndio hupanda msitu, kwa mbegu wanazodondosha. Lakini hili ulilonieleza nimelirudia mara nyingi: popo akirudi mtini alfajiri humtambua mtoto wake kati ya mamia, kwa sauti na harufu.

Nilimwonyesha mama yako picha hiyo. Akaniuliza, "Mzee, huyu msichana ni wa nani? Mbona amekonda hivi, kwao hakuna maziwa?" Nilicheka, kisha nikatoka nje kidogo.

Hata simu humchanganya siku hizi. Lakini bado anasugua kibuyu kwa mkaa wa mti wa senetwet na kukijaza maziwa ya mursik, akisema ni ya mtoto wake atakayerudi. Jina hasemi.

Picha zimetosha, mwanangu. Popo wangoje kidogo. Njoo uketi karibu naye, uongee.

Baba yako,
Kimeli