Waridi Lisilo na Alama

Shoga, mdogo wangu yamemkuta makubwa kule kazini kwake, maabara ya mawaridi.

Leo amepima vinasaba vya lile waridi jipya, wanalojisifia kwamba halishikwi na ukungu. Ile alama ya kinga haimo. Karudia mara tatu, haimo. Na miche wanagawiwa wakulima kesho.

Akaenda kumwambia bosi wake. Bosi hakushtuka hata kidogo. Akamuuliza taratibu, "Nani mwingine anajua?"

Naye bila kufikiri akajibu, "Mimi tu."

Mimi tu, shoga. Kasema hivyo.

Kurudi maabara, majani aliyopima hayamo tena kwenye friji. Mezani kakuta cheti kinachosema waridi lina kinga. Sahihi ya mpimaji ni yake. Yeye hajasaini chochote.