Nimetoa Mji wa Mama Mkwe Kwenye Gemu

Mpendwa Shangazi Otilia,

Shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijawa kichekesho cha Mazwi nzima, ingawa nadhani nimechelewa, maana jana muuza chapati aliniita Gabriel halafu akacheka peke yake, na mimi siitwi Gabriel, na utaelewa ukiifikisha barua hii mwisho.

Mimi ni kijana wa familia ya biashara, tuna duka la jumla hapa Mazwi, mjini Sumbawanga, na lori la kupeleka bidhaa vijijini, na kwa muda sasa nampenda binti anaitwa Kulsumu, anafanya kazi steshenari jirani na duka letu, anachapa barua za watu na kutoa kopi, na wateja wakikosekana anatengeneza gemu kwenye kompyuta ya pale, mwenye steshenari anajua na hana neno. Shangazi, si gemu za kupiga watu risasi. Ni zile za kubofya, unaletewa picha, tuseme ya jiko, unagusa kila kilichomo, unaokota mwiko unautia kwenye kikapu chako, mbele ya safari unakuta mlango umekwama na kumbe mwiko ndio wa kuufungulia, na hadithi inasonga. Dunia nzima kuna watu wanazitengeneza majumbani mwao, si kazi yao, ni mapenzi tu, halafu wanazitoa bure. Kulsumu alinijazia flashi kwa zile anazoona zinafaa, kuna ya mlinzi wa stesheni aliyepoteza filimbi na treni zote zimesimama zinamsubiri yeye, kuna ya bibi anayetoroka hospitali na dripu yake mkononi, michoro ni ya kalamu ya wino tu, ya ovyo kabisa, lakini nilicheka mpaka mama akaja kuniuliza kama nimekunywa kitu.

Mama yangu, Bi Hamida, hazipendi gemu hizo wala hampendi sana aliyezileta. Anasema mtu anayefanya kazi akaitoa bure siku moja atagawa duka. Nilimwambia hiyo ni sanaa, akasema hata sanaa ina bei.

Basi nikamwambia Kulsumu nataka kutuma wazee kwao. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alinipa gemu aliyokuwa ndiyo kwanza ameimaliza kuitengeneza, akaniambia niicheze mwenyewe hadi mwisho, halafu nije tuzungumze habari za wazee. Nikafurahi, nikaona wenzangu wanaambiwa walete ng'ombe, mimi naambiwa nibofye.

Gemu yenyewe ni ya msafiri anayetoka Sumbawanga kwenda kumwona mama yake Wampembe, kule ziwani. Mwanzoni unaandika jina lako, na watu wote wa kwenye gemu wanakuita kwa jina hilo. Unabofya stendi, unabofya magunia, unambofya mbuzi naye anakukasirikia. Ukikwama kabisa, pembeni yupo bibi kizee, ukimgusa anasema, "Nipe mji," kama tulivyokuwa tukifanya kwenye vitendawili utotoni, basi unafungua ramani unachagua mji unampa, anajisifu alivyokwenda huko akala akashiba akalala, kisha anakupa jibu. Mji uliompa unafutika kwenye ramani.

Nilikwenda vizuri mpaka juu ya mteremko wa kushukia ziwani, ambako kuna dereva wa lori anayekataa kushuka mpaka umtegulie kitendawili: nikiwa naye simwoni, nikiwa mbali namwona kila mahali. Nikajibu kivuli. Nikajibu chawa. Nikajibu mke. Kila nikikosea dereva anazima injini anatafuna muwa. Nikachoka, nikamgusa bibi, nikafungua ramani nikaanza kufikiri kwa akili ya dukani, Laela tuna wateja, Matai tuna wateja, Namanyere tuna wateja wazuri sana, Wampembe lori letu halishuki kwa ajili ya barabara. Nikampa Wampembe. Bibi akajisifu alivyokula samaki wa migebuka huko, akaniambia jibu ni mama. Lori likashuka, nikafika ufukweni, hakuna nyumba, hakuna mtu, mchanga tu na maandishi yanayosema, "Hapa palikuwa na watu. Uliwatoa." Gemu ikajifunga, na kwenye simu yangu haikubali kuanza upya.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa pili. Nilimfuata mshikaji wangu Gabriel, dereva wa bodaboda, nikamwekea gemu kwenye simu yake nikamwomba aimalize anisimulie. Aliimaliza kijiweni akisubiri abiria, na kile kitendawili alikijibu palepale, akasema hicho mbona rahisi. Akanisimulia mama anavyotoka mlangoni, anavyokipokea kikapu, anavyosema, nami nikakariri yote kama mtihani wa taifa. Nikaenda steshenari nikamsimulia Kulsumu kwa hisia, Shangazi, mpaka machozi yakanilengalenga, nikamalizia kwa kusema mama alinishika mkono akaniambia, "Karibu nyumbani, Gabriel."

Steshenari ilikuwa imejaa wateja.

Kulsumu aliniangalia, akasema taratibu, "Basi Gabriel alete wazee." Halafu akaniuliza mimi nilikuwa nimetoa mji gani. Nikamwambia ukweli. Akauliza kwa nini huo, nikasema kwa sababu hatuna biashara kule. Sijui kwa nini nilisema hivyo, ulimi hauna mfupa. Mama yake mzazi anakaa Wampembe, Shangazi, yuko peke yake na macho yanamsumbua, na Kulsumu alishaniuliza zaidi ya mara moja, je, tukioana huyo mama itakuwaje, na mimi nimekuwa nikisema tutaona, kwa sababu nyumbani kwetu kuna chumba kimoja tu cha ziada na kimejaa sukari na mafuta ya kula ya dukani.

Tangu siku hiyo hapokei simu zangu. Nampenda na sitanii, naogopa nimempoteza. Je, ni haki kumwacha mtu kwa sababu ya gemu? Nimtume baba mdogo Mwinjuma na barua ya posa hivyo hivyo, wakubwa wakayamalize? Na huyu Gabriel, ambaye simjui kwa kuandika hata barua ya kuomba kazi, siku hizi anapita steshenari asubuhi na jioni anasema ana vitu vya kuprinti. Nimfanye nini?

Ni mimi, Sadick, Mazwi.

Tafadhali usitaje jina langu.

SHANGAZI OTILIA ANAJIBU

Sadick, jina lako nimelificha kadiri nilivyoweza. Pole sana. Nakupa pole mapema kwa sababu huko mbele sitapata nafasi.

Kabla ya kukujibu niliitafuta hiyo gemu, maana siwezi kuhukumu kesi nisiyoijua, na pia kwa kuwa ni bure. Mpwa wangu aliniwekea kwenye simu, na makala hii imechelewa kwa sababu hiyo. Mhariri alikuja kunikaripia, sasa naye amekwama kwa mbuzi. Kitendawili cha dereva kilinishinda na mimi, nisikudanganye. Nilijibu bawasiri, nikaangushwa na ngeli. Bibi alipodai mji nikampa Laela, anakoishi mwanamume aliyewahi kunioa, na nilifurahi kuiona inafutika. Nikashuka ziwani, nikapokewa kwa jina langu, nikalia kidogo, nikafuta miwani. Kwa hiyo usije ukajitetea kwamba gemu ilikutegea. Ramani ile imejaa miji na yule bibi hachagui, anakula popote.

Unauliza kama ni haki kumwacha mtu kwa sababu ya gemu. Nani amekuacha kwa sababu ya gemu? Binti alikuuliza kwa mdomo wake habari ya mama yake, ukasema tutaona. Akakuuliza tena, ukasema tutaona. Wapo wanawake ambao wangekurushia sufuria. Huyu alikaa akachora mteremko mzima, lori, mbuzi na bibi kizee, akaliweka swali lile lile ndani yake ili angalau ulione kwa macho. Ukalijibu kwa kuhesabu wateja. Halafu ukamtuma mtu wa bodaboda akakujibie, na kwa bahati yako mbaya yeye akajibu vizuri.

Huyo Gabriel mwache. Gemu kwenye simu yake ulimwekea wewe, na mtu akikaribishwa nyumbani kwa upole namna ile lazima atataka kumjua aliyeyaandika maneno. Kama hana cha kuprinti, wasiwasi huo mwachie mwenye steshenari.

Bi Hamida, dada yangu, najua barua hii utasomewa. Hoja yako ya kugawa duka siikubali. Wewe mwenyewe ulimnyonyesha huyu Sadick bure, na tukitazama matokeo hukupata hata faida. Hawa wanaotengeneza gemu majumbani wanajua wanachofanya. Hakuna tangazo la kukukatiza, hakuna anayekudai ununue panga la dhahabu ndipo uvuke mto. Nyingine ni mbovu, nakubali. Kuna moja ya paka niliyohangaika nayo mpaka nikagundua aliyeitengeneza alisahau kuweka mlango wa kutokea. Lakini zile nzuri zinakulazimisha utulie, utazame kila kitu kilichomo chumbani na useme na kila unayemkuta. Mwanao angetumia akili hiyo hiyo akiwa nje ya simu, leo tungekuwa tunapika pilau.

Sasa nisikilize, Sadick. Mzee Mwinjuma asitumwe popote. Posa ikipelekwa na mwenyewe hajasema kweli, wazee wanarudi na aibu isiyo yao. Usinunue kitenge, usinunue simu, usiandike meseji ndefu. Wewe na kusimulia bado mna ugomvi.

Anza kwa kuitoa sukari kwenye kile chumba. Itoe kwa mikono yako, usiwaite wabeba mizigo. Mama yako atakuja kukuuliza unafanya nini, na hapo ndipo kazi yako ilipo, kwa sababu itabidi umwambie, umesimama katikati ya ndoo za mafuta, kwamba kuna mama wa mtu ambaye atalala humo akipenda. Atanuna. Mwache anune, umsikilize, wala usianze kurudisha mifuko ndani. Huenda anaogopa kuingiliwa kwenye nyumba aliyoihangaikia miaka yote, na hilo si jambo la kuchekwa. Lizungumzeni mpaka liishe, hata kama ni kwa siku kadhaa.

Kisha nenda Wampembe. Barabara naijua, niliwahi kuushuka ule mteremko na nikakumbuka sala zote nilizofundishwa utotoni, pamoja na zile za dini ya jirani. Lori lenu haliwezi, basi panda linaloweza. Ukifika, msalimie mama wa watu, kaa chini, kula utakachopewa, na usiulize bei ya dagaa kwa jumla. Hilo la dagaa nalisisitiza kwa sababu sasa nakufahamu. Usiende kumwomba binti yake. Mwambie wewe ni nani, kisha mwulize yeye anataka nini: kuja kukaa nanyi Mazwi kwenye hii baridi yetu, au kubaki kwake ila pawe na mtu wa kumwangalia na kumpeleka kwa daktari wa macho. Inawezekana chumba chenu hakitaki kabisa. Mtu mzima ana maoni yake, na mpaka leo hakuna aliyemwuliza.

Ukirudi, nenda steshenari saa ambayo hakuna wateja. Mweleze Kulsumu alichokuambia mama yake, bila kupunguza wala kutia chumvi, na umweleze pia ulichosema wewe. Usidai jibu siku hiyo. Anaweza kukukubali, anaweza kukuambia umechelewa, na yote mawili ni haki yake.

Na kama utasimama kwenye mlango wa kile chumba ukaona kwamba sukari huwezi kuitoa, basi usiende Wampembe kumsumbua mtu mwenye macho mabovu. Nenda moja kwa moja kwa Kulsumu, umwangalie usoni, umwambie kwamba kwenye nyumba yako mama yake hana nafasi. Itakuuma kuyatamka maneno hayo. Yeye atalia, kisha ataacha kukusubiri.