Viwavi wa Mistari Yangu Mitatu

Mjukuu wangu Wanjiru,

Huku Kuresoi tuko salama. Viazi vimeota vizuri, na babu yako bado anagombana na redio.

Umeniuliza kama kweli niliwahi kuona viwavi wagonjwa wakipanda juu. Niliwaona kwa macho yangu nikiwa msichana. Walivamia mahindi yetu, kisha wakaanza kupanda hadi ncha za majani, wakaning'inia na kuyeyuka kama uji. Mama alisema huo ni uchafu, akatuamuru tufute kila jani kwa kitambaa. Mimi nilichoka, mistari yangu mitatu ya mahindi sikuigusa. Baada ya wiki, mistari iliyofutwa ilikuwa imeliwa yote. Yangu ilikuwa kijani kabisa, viwavi wamekufa.

“Uliweka dawa gani?” Mama akauliza.

“Uvivu, Mama.”

Akatupa kitambaa chake, na hatukufuta tena.

Sasa wewe unaniandikia kutoka maabara kwamba virusi vikimwingia kiwavi vinawasha jeni zao kwa zamu: kwanza za kuteka mwili, kisha za kumpandisha juu, mwisho za kumyeyusha awamwagie wenzake virusi hivyo. Kumbe tulipofuta majani tulikuwa tunaondoa ugonjwa uliokuwa ukiwaua. Barua yako nimewasomea majirani mara mbili. Sisi tulijua tu kwamba kiwavi anapanda. Mjukuu wangu anajua ni nani anayemtuma.

Shosho wako