Kwa Sindano, Aliyevaa Namba Nne

Mwaka umetimia leo, dada, tangu asubuhi ile ulipoanguka bafuni ukiwa na mswaki mkononi, mumeo akauvunja mlango kwa bega. Ulikuwa na miaka thelathini na minane. Cheti cha kifo kimeandika kifafa. Sisi wadogo zako tunaandika hapa yale ambayo cheti hakikuandika.

Ulicheza mpira wa kikapu kwa kulipwa misimu kumi na mmoja, klabu ile ile, nafasi ile ile: mchezeshaji, yule anayepandisha mpira na kuwaambia wenzake wanne nani akimbilie wapi. Ulikuwa mfupi kuliko wote uwanjani. Walikuita Sindano kwa sababu pasi zako zilipenya mahali ambapo wengine hawakuona hata tundu. Ukiulizwa umefunga pointi ngapi, ulikuwa unasema, "Waulize waliofunga, mimi nilikuwa nagawa tu."

Nyumbani hatukula kwa amani. Kichupa cha chumvi kilikuwa mwenzako, kikombe cha Baba kilikuwa lile jitu la timu pinzani, kijiko kilikuwa wewe. "Chumvi anakwenda kona, kikombe kinamfuata kama mjinga, mimi napita hapa." Baba, Mungu amrehemu, alingoja chai yake irudi kutoka uwanjani. Mipango ya mchezo arobaini na kitu uliijua kwa kichwa, kila mmoja kwa namba yake, pamoja na tarehe zetu za kuzaliwa na saizi zetu za viatu. Kila uliporudi safari ulituletea viatu, na havikuwahi kubana.

Msimu wa nane, nusu fainali. Goti la mchezaji wa upande wa pili lilikupata sikioni, ukaanguka, kisogo kikagonga sakafu. Mama alikuwa anatazama kwenye televisheni, yeye aliyefanya uuguzi miaka thelathini. Alisimama, akasema, "Huyu hajaamka sawasawa. Mtoeni." Aliiambia televisheni, maana hakukuwa na mwingine wa kumwambia.

Yaliyosemwa kwenye benchi hatukuyajua mpaka baada ya mazishi, mwenzako aliyevaa namba kumi na moja alipokuja kukaa na Mama jikoni. Alilia kwanza, ndipo akasema. Daktari wa timu alikuuliza mnacheza na nani. Ukataja timu ya wiki iliyopita. Daktari akamtazama kocha. Kocha akacheka. "Anatania huyu. Sindano, si unatania?"

Ukasema, "Natania."

Ukarudishwa. Mkashinda, na siku tatu baadaye mkachukua kombe. Picha bado iko ukutani kwa mumeo: wenzako wote wanaangalia kamera, wewe unaangalia pembeni kama mtu aliyesikia anaitwa. Ulimwambia mumeo kwamba siku ile huikumbuki hata kidogo, ukamkataza asituambie.

Mama alikupigia simu. Ukamjibu, "Mama, kichwa kizima, usinilaze wodini bure." Kwa hilo tumekukasirikia, dada, na hatutajifanya hatukukasirika. Ulijua mno kufunika mambo. Lakini wewe ulikuwa mchezaji, na mchezaji hutaka kucheza. Kazi ya kukuzuia ilikuwa ya watu wazima waliokuwa wamekaa hatua mbili kutoka kwako.

Uligongwa tena, mara mbili tunazozijua. Ukaanza kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Ukamrushia mumeo rimoti kwa sababu ya sauti ya taarifa ya habari, wewe ambaye hujawahi kumpandishia mtu sauti. Ukatuletea viatu visivyotuingia, nasi tukacheka, tukasema umaarufu umekulevya. Uwanjani, namba kumi na moja alikuwa anakunong'oneza mpango, nawe unautangaza kana kwamba umetoka kwako. Ulikuwa unaandika namba za mipango kwa kalamu kwenye bandeji ya mkono. Klabu nzima iliona. Kocha alisema mazoezini, "Kichwa si kifundo cha mguu, hakiteguki," na watu wakacheka kwa sababu aliyesema ni kocha.

Msimu wa kumi na moja ulipoisha, katibu wa klabu alikutumia ujumbe wa simu. Wanakushukuru, wanatafuta damu changa. Mistari mitatu.

Miaka mitano iliyofuata hatuiandiki yote. Tunaandika siku moja. Ulitoka kwenda kumchukua binti yako shuleni, ukaenda uwanjani badala yake, ukakaa kwenye ngazi za mlango wa wachezaji na raba zako miguuni, unawasubiri wenzako. Binti alisimama getini hadi shule ikafungwa. Mlinzi wa uwanja, ambaye klabu haijui hata jina lake, alikuletea kiti na maji, akampigia mumeo. "Shemeji, kapteni yuko hapa kwangu. Hana shida. Ukija usimgombeze." Kwa mlinzi huyo tunasema asante. Hatuna asante nyingine kwa upande ule wa geti.

Siku ya mazishi mwenyekiti alisema ulijitoa kwa moyo wote. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Mwezi uliopita klabu ilituandikia barua: jezi yako namba nne itatundikwa juu ya uwanja, na familia imetengewa viti vya mbele. Mama alijibu kwa mwandiko wake kwamba kwanza walete faili la matibabu la ile nusu fainali. Wamejibu kwamba faili hilo halipatikani. Basi na sisi hatutapatikana.

Binti yako ana miaka kumi na miwili sasa. Anacheza. Tulibishana sana juu ya hilo. Mumeo hakutaka hata kusikia. Mama ndiye aliyesema, "Mwacheni acheze. Nitakuwa nakwenda naye." Jumamosi iliyopita aligongana na mwenzake, akaanguka, akabaki chini ameshika kichwa. Mwalimu wake akamuuliza kutoka kwenye benchi kama yuko sawa. "Niko sawa," akajibu, kwa sauti yako kabisa. Mama alikuwa ameshaingia uwanjani na ndala zake, mkoba kwapani. Refa akapuliza filimbi.

"Bibi, mchezo haujaisha."

"Endeleeni," Mama akasema. "Huyu anakwenda nyumbani."

Akamshika mkono wakatoka, mtoto analia kwa aibu, wala hakuna aliyethubutu kuwazuia.

Unakumbukwa na Mama yako, na mumeo, na binti yako, na sisi wadogo zako wawili, wa kike na wa kiume, na namba kumi na moja, ambaye Mama amemsamehe na sisi bado tunajaribu.

Tunakukumbuka, dada, pamoja na zile siku za mwisho ulipotuuliza sisi ni nani.