Figo Moja, Viti Viwili

Jumapili, 2 Machi

Nyumba ya Mama imejaa watu tangu asubuhi. Kila anayeingia ananishika mkono kwa mikono yake miwili, kama nimefiwa au nimeshinda uchaguzi – sijui lipi. Shangazi kasema mimi ni shujaa. Jirani kasema thawabu zangu hazitabebeka. Mama yeye ananiongezea tu chakula. Nanenepeshwa kama kuku anayengoja mgeni.

Majibu ya vipimo vya figo yalipotoka, ni mimi tu niliyelingana na Kaka. Kitinda mimba wetu damu yake ilikataa. Mama ana sukari. Tulikuwa mezani wote. Kaka akakunja karatasi ya daktari, akasema, "Basi ni Kiroboto." Kiroboto ni mimi. Alinipa jina hilo utotoni kwa sababu sikai mahali pamoja. Alilisema vile vile alivyokuwa akiwaambia abiria wafunge mikanda, enzi za urubani wake. Wifi akaanza kulia kwa furaha, Mama akainua mikono, vigelegele vikapigwa hadi majirani wakaja kuuliza nani kaposwa.

Mimi nikatabasamu. Tabasamu ndilo likawa jibu.

Swali lenyewe halikuulizwa na mtu.

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga karakana. Kochi la mwisho la mteja limetoka mchana – la watu watatu, nilikuwa nimelibandua mpaka mbao, nikalivisha upya. Mafundi wangu wawili walitaka kulibeba peke yao. Nikasema hapana, nashika upande mmoja. Nilitaka kujua uzito unakaa wapi mwilini. Unakaa kiunoni, ubavuni, pale pale.

Nilimuuliza daktari nitakaa muda gani bila kunyanyua kitu kizito. Kasema "tutaona". Tutaona! Mimi maisha yangu ni kunyanyua makochi.

Nikamwambia mume wangu. Alikuwa anapiga pasi shati la mtoto, hakuinua kichwa. Kasema, "Nilikuoa ukiwa na mbili. Ukirudi na moja sitadai chenji." Tukacheka. Kisha akasema taratibu, "Lakini ukirudi nazo zote mbili pia mlango ni huu huu." Nikatoka nje kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Jumatano, 5 Machi

Kaka kwenye mashine leo, kusafishwa damu. Ijumaa jioni lazima asafishwe tena, huko tuendako kwa upasuaji. Anaishi hivyo sasa, kutoka mashine hadi mashine.

Begi langu nimelifunga, nikalifungua, nikalifunga.

Alhamisi, 6 Machi

Ndani ya ndege. Asubuhi, jua kali dirishani.

Kaka alirusha ndege za shirika hili miaka mingi, mpaka figo zilipomshusha chini. Daktari kaandika kwamba safari ndefu hivi lazima awe amelala, basi shirika limetupa viti viwili vya daraja la biashara, vya katikati, ubavu kwa ubavu. Nilidhani najua viti. Hiki kinalala chote kama kitanda, kina taa yake, kina mahali pa viatu. Nimepapasa mshono wa ngozi: umepita mara mbili, uzi mnene, mkono wa mtu anayejua. Sponji ya pajani nzuri. Ya kiunoni wamebania. Nikaingiza vidole pembeni nione wamefungaje kitambaa chini.

"Acha kuchokonoa viti vya watu," Kaka kaniambia.

"Naangalia tu."

"Kila mtu anakuangalia wewe."

Kweli, mzee wa kiti cha mbele alikuwa amegeuka. Kanikonyeza. Mkewe kamvuta sikio kidogo, kwa mapenzi. Watu wazuri.

Wahudumu wanamjua Kaka. Msimamizi wao, mama wa makamo mwenye sauti ya kubembeleza, alimshika bega: "Kapteni, tumekukosa." Kaka akanyooka mgongo, akawa yule wa zamani. Akauliza nani anarusha leo. Rubani akatoka, wakasalimiana, wakataniana mambo ya kazi nisiyoyaelewa. Kisha rubani akarudi ndani na mlango ukafungwa. Kaka akautazama ule mlango muda mrefu. Nikajifanya nasoma karatasi ya vyakula.

Baadaye.

Jambo ambalo sikulifikiria: huku mbele wanakunywesha bila kupumzika. Juisi, chai, maji yenye ndimu, juisi tena. Na Kaka haruhusiwi. Kiasi chake cha siku nzima kinaishia kwenye glasi mbili tatu tu. Wakamletea juisi ya machungwa – sumu kabisa kwake. Akasema hapana asante. Akaja mhudumu mwingine, naye na trei yake. Hapana asante. Wa tatu. Mwishowe akaomba kipande kimoja cha barafu, akakitia mdomoni, akafumba macho.

Nami kiu inaniua. Hewa ya humu inakausha koo. Kati ya viti vyetu kuna kiambaza kidogo, unabonyeza kinapanda. Nikakipandisha. Nikanywa maji haraka haraka nikiwa nimejikunja kama mtoto anayeiba sukari.

Nimetembea mpaka nyuma na kurudi. Nimekwenda chooni bila haja. Nimekilaza kiti, nimekisimamisha. Huko nyuma wamebanana magoti kwa magoti, mama mmoja ana mtoto kila paja, na ningebadilishana naye kwa furaha. Kiti kinapokuwa kizuri hivi hakikupi kitu cha kulalamikia. Unabaki na mambo yako.

Mambo yangu: sitaki. Nimeandika. Ngoja niliangalie hilo neno. Hapana, si kwamba sitaki. Sijui kama nataka. Sijapata nafasi ya kujua. Alipokwenda kusomea urubani mimi nilibaki na Mama. Baba alipougua nilibaki. "Kiroboto atashughulikia." Hakuna mtu aliyewahi kusema "Kiroboto, utaweza?" Na sasa hata kilicho ndani ya ngozi yangu nacho Kiroboto atakishughulikia.

Kisha namwona anavyonyonya barafu, moyo unakatika vipande. Ndugu huwezi hata kumchukia kwa utulivu.

Baadaye tena.

Kiambaza kimeshuka. Yeye ndiye aliyebonyeza.

"Kunywa tu wazi," kasema. "Nasikia glasi yako ikigonga meza. Ukijificha ndiyo naisikia zaidi."

"Sikutaka uone."

"Najua."

Basi nikanywa huku ananitazama. Kaniuliza yakoje. Nikamwambia ya baridi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepokea habari za nyumbani.

Nilidhani ataendelea kusema. Mdomo aliufungua. Kisha akageuza uso kwenye dirisha la upande wa pili, akakunja uso. "Jua limehama," kasema. Mimi sikuona kitu. "Lilikuwa huku. Sasa liko kule. Tumegeuka."

Hata tangazo lilikuwa halijatolewa.

Jioni. Hoteli.

Ni yule mzee aliyenikonyeza. Moyo. Ulimshika akiwa chooni, nasi hatukujua. Daktari mmoja alipatikana nyuma, wakamrudisha, wakakilaza kile kiti kizuri na kumhudumia hapo hapo, mbele ya macho yetu. Msimamizi alipiga magoti akiwa ameshika chupa ya oksijeni, nywele zimemfumuka. Tukatua mji ambao haukuwa kwenye safari yetu. Wakamshusha kwa machela, mkewe nyuma akikimbia na viatu vya mumewe mkononi. Alikuwa amevishika kwa namna ya mtu mwenye hakika kwamba vitavaliwa. Sijui kama vilivaliwa.

Tukakaa ndani ya ndege, milango wazi, mpaka ikatangazwa kwamba saa za kazi za wahudumu na marubani zimekwisha. Hatuondoki mpaka kesho mchana. Abiria mmoja alianza kufoka. Nilimtazama Kaka, nikijua atafoka zaidi. Yeye ndiye mwenye mashine ya kuwahi. Kasema tu, "Wamefanya sawa. Ningefanya hivyo hivyo." Lakini mikono yake ilikuwa inafungua mkanda, inafunga, inafungua.

Mama kapiga simu. Nikamwambia tumepumzika kidogo njiani. Kasema, "Mwangalie kaka yako." Nikasema ndiyo Mama. Akakata, kisha akapiga tena. "Na wewe," kasema. "Sijakuuliza habari zako." Nikasingizia mtandao.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi Kaka kafungua mlango wa chumba chake akiwa peku. Viatu vimekataa kuingia. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Anapumua kama aliyepanda ngazi. Nikampigia mtu wa shirika, wakaleta gari na kiti cha magurudumu. Kapteni mzima akikalie hicho! Alikitazama kile kiti kama anayeona nyoka. Nikamwambia, "Kaa, nimekikagua, sponji ni nzuri." Akakaa. Nikamsukuma mwenyewe.

Sasa tuko uwanjani, kwenye sebule ya abiria wa mbele. Makochi ya ngozi bandia, yameanza kupasuka pembeni. Watu wanakula karanga kimya kimya, kila mmoja na simu yake. Ndege yetu inaondoka mchana. Tukitua, gari la hospitali linamchukua moja kwa moja hadi kwenye mashine. Ataiwahi, inasemekana. Upasuaji ni wiki ijayo.

Nilikwenda kumtafutia barafu. Kurudi, nikamkuta na binti wa dawati la shirika, sare imenyooka, kalamu sikioni. Kaka kanionyesha kiti kando yake.

"Kuna ndege ya kurudi nyumbani leo," kasema. "Inatangulia yetu kidogo. Nimekupangia urudi. Nafasi ipo, mbele huko huko."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Nirudi kufanya nini?"

"Ukae na watoto wako. Jana nimekuona, Kiroboto. Siku nzima hukukaa. Mimi nimerusha watu waoga maelfu, nawajua. Wanakwenda chooni kila saa." Akapumua. "Nitaendelea na mashine. Wapo wanaoishi hivyo."

"Na Mama? Na Wifi?"

"Nitawaambia madaktari wamebadili mawazo. Nimeshapanga."

Ningefurahi, sivyo? Nilichotamani wiki nzima nimeletewa kwenye sahani. Badala yake damu ikanipanda kichwani. Barafu nikaiweka mezani kwa nguvu hadi watu wa karanga wakageuka.

"Uliniamuru nije," nikamwambia. "Sasa unaniamuru nirudi. Hata kuniachia unaniachia kwa amri. Kaka, lini utaniuliza?"

"Nikuulize nini?"

"Unajua ni nini."

Binti wa shirika akawa anatazama viatu vyake, maskini. Kasema atarudi baadaye kidogo, akaenda.

Tumekaa. Mimi naandika kwa sababu mikono haitaki kutulia, yeye anatazama ndege dirishani. Moja inasukumwa kurudi nyuma. Midomo yake inatembea – anaisomea maelekezo, nadhani, yale wanayosomeana marubani. Au hapana. Hayo angeyasoma bila kusita, na huyu anasitasita, anaanza, anaacha, anameza mate.

Kasema bila kunigeukia, "Tangu jana nilikuwa nataka kusema. Juu kule, kabla hatujageuka. Neno lenyewe silijui linaanzia wapi."

"Lianzie popote."

"Ukikataa nitajua umekataa. Nisipouliza sitajua."

Hiyo nimeielewa. Miaka yote nilidhani haulizi kwa kuwa ana hakika na jibu.

Miguu yake nimeinyanyua nikaiweka juu ya begi langu. Mizito, ya baridi. Hakukataa.

Wametangaza ndege ya nyumbani. Abiria wa mbele wapite sasa. Watu wawili watatu wameinuka, wanapangusa chumvi ya karanga. Binti wa shirika anarudi, mkononi ana kadi mbili za kupandia, ya kurudi na ya kuendelea, zote zina jina langu. Anaziinua kidogo kama anayeniomba radhi. Wanafunga mlango muda si mrefu, anasema. Anihesabu kwenye ipi?

Nami kinywa changu kimekauka kuliko jana.

Kaka ameshusha miguu kutoka kwenye begi. Amegeuza kiti cha magurudumu kwa mikono yake mwenyewe, kwa shida, mpaka magoti yake yakagusa yangu. Anamwambia yule binti, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Mngoje kidogo, mwanangu. Bado sijamuomba."