Hukuchoka Kutembea

Baba yangu,

Leo nimefundisha tena mchapuko, yaani kasi inavyobadilika kila sekunde, hapa Kibondo, na kama kila mwaka, mkono ulikuwa mzito nilipofika kwenye mfano wa breki. Kidato cha Pili hawajui kwa nini mwalimu wao hugeukia ubao muda mrefu hivyo.

Unaikumbuka ile Jumamosi, uwanja wa shule kule Titye? Nilikuwa nimerudi likizo, kichwa kimejaa fizikia, sishikiki. Ulikuwa umetoka kupeleka ndizi sokoni Kasulu, umechoka, lakini nilipokuomba upande baiskeli nikupime, ulipanda. Kasi yako ilikuwa mita sita kwa sekunde. Ulipobana breki ulisimama baada ya sekunde tatu. Nikakuandikia mchangani: sifuri toa sita, gawanya kwa tatu, hasi mbili. Yaani kila sekunde breki zinakupunguzia kasi ya mita mbili. Wewe uliyeishia darasa la nne ulichuchumaa ukaiangalia ile hesabu kama barua iliyotoka serikalini.

Kisha ukaniuliza kuhusu mteremko wa mtoni. Wabeba ndizi wote pale hushuka, wakaizuia baiskeli kwa nyuma, wakaenda kwa miguu mpaka darajani. Nawe ulifanya hivyo miaka yote.

"Kwa hiyo nikibana mapema, nitasimama?"

"Utasimama, Baba. Hesabu ndiyo hiyo."

Jamani, ujinga wangu! Nilikupima kwenye uwanja tambarare, baiskeli tupu. Mikungu minne sikuiweka, mteremko sikuuweka. Mwanafunzi wangu akikosea hivyo leo simpi hata alama moja.

Jumatano iliyofuata ukaokotwa chini ya mteremko ule, ukapelekwa hospitali. Baba mdogo alikuja juu, anataka kujua kilichokupandisha baiskeli kwenye mteremko ule. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, nikingoja unitaje. Uliniangalia kwanza. Halafu ukasema, "Nilichoka tu kutembea."

Siku ya tatu ukatuacha.

Miaka kumi na moja nimejificha nyuma ya maneno hayo. Msibani walikulaumu, wakasema ulikuwa na haraka ya kitoto, nami nikanyamaza. Mama hajakusamehe mpaka leo. Kila akipita darajani husema, mwanaume mzima, eti amechoka kutembea. Hilo ndilo linalonitafuna, Baba. Amekununia wewe, na kosa ni langu.

Jumamosi hii nakwenda Titye. Nitamkalisha Mama uani, nimwandikie ile hesabu mchangani, nimwonyeshe na nilichokisahau. Naogopa kuliko nilivyoogopa pale hospitali. Akinifukuza, sitamlaumu. Ila akipita tena darajani, ajue hukuchoka kutembea. Uliniamini mimi.

Pumzika sasa, Baba.

Binti yako wa kwanza