Betri za Mtumba

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimesugua tena vichwa vya betri kwa maji moto na magadi. Bure. Betri ya lori imekufa. Wiki tatu tu. Ilitengenezwa kuwasha injini kwa mkupuo mmoja na kupumzika, si kusukuma boti asubuhi nzima. Nilijua hivyo tangu mwanzo. Tuliitumia kwa sababu ilikuwepo.

Mzee Swaleh, mwenzangu wa kuvua tangu nistaafu, hakulalamika. Angelalamika ningejisikia nafuu.

Tangu bega lake la kulia lichanike hawezi kuvuta kamba ya injini ya petroli. Injini tukaiuza. Mpwa wake akamletea kutoka Maskati mota ndogo ya umeme. Unaibana nyuma ya boti, unaiendesha kwa mkono mmoja. Haina moshi wala kelele, na inaiweka boti pale pale juu ya samaki hata mkondo ukivuta. Kitu kizuri sana. Kinachotaka ni betri ya maana, na hiyo ndiyo hatuna.

Boti imefungwa Bandari ya Kale siku ya tano leo. Nimerudi Majengo kwa miguu. Chumba kina joto. Sina la kufanya.

Jumanne, 7 Oktoba

Tumekwenda duka la sola, mimi na yeye. Betri za lithiamu zipo. Nyepesi, mtu mmoja anaibeba kama kikapu. Unaitumia mpaka karibu iishe na haiharibiki. Tuliposikia bei yake tukairudisha mezani. Zipo pia za jeli, mpya, nzito, bei ya katikati. Hata hiyo katikati si yetu.

Nje ya duka Mzee Swaleh alisema atamwomba binti yake, Rukia, amsaidie kununua ile nzuri. Ilimgharimu kusema hivyo. Alikuwa anaangalia barabara.

Nikamwambia asimsumbue mtoto. Nikamwambia nitapata za mtumba, nzima, kwa bei yetu. Miaka thelathini fundi umeme karakana ya reli, nitashindwa na betri?

Alifurahi. Alinishika mkono mpaka tukafika Marikiti.

Kwa nini nilisema vile? Nilitaka niwe mimi niliyezipata. Hakuna sababu nyingine.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimezipata. Hapa hapa Majengo, kwa bwana mmoja anayenunua betri kuukuu. Mbili za jeli, ampea mia kila moja. Anasema zilitolewa ofisini, zilikuwa za kushika taa umeme ukipotea, hazikufanya kazi kubwa. Hazijavimba. Vichwa safi. Mita ikasoma volti kumi na mbili na nukta nane zote mbili.

Lakini betri isiyobebeshwa mzigo husoma vizuri hata ikiwa mgonjwa. Hilo ndilo somo la kwanza nililowafundisha vijana wa karakana.

Nimezinunua. Hamali wa mkokoteni amenisaidia kuzifikisha chumbani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimezichaji tangu jana mchana. Leo nimezipima kwa mzigo, kila moja peke yake, kwa taa kubwa za lori.

Ya kwanza: saa tatu nzima, imeshuka polepole. Nzuri.

Ya pili: dakika arobaini, sawa. Kisha ghafla ikaporomoka. Kumi na moja na nukta mbili. Taa zikawa nyekundu. Nikaipumzisha, ikapanda tena, ikajifanya nzima. Nikaiwasha, ikaanguka upesi zaidi. Kuna chumba kimoja ndani yake kimekufa.

Nikairudisha kwa yule bwana. Hakuwepo. Jirani yake anasema amesafiri, hajui lini atarudi.

Mbaya ikifungwa pamoja na nzima inainyonya nzima. Ningeweza kumwambia Mzee Swaleh twende na moja tu, tubaki ndani ya hori ya Tudor kwenye maji yaliyotulia, saa moja na nusu, turudi. Angekubali.

Alikuja baada ya sala ya Ijumaa, kanzu yake imepigwa pasi, marashi. Akasimama mlangoni akiziangalia.

"Wewe ndiwe mjuzi, Mutua. Ukisema zafaa, zafaa."

Nikasema zinafaa.

Jumapili, 12 Oktoba

Sikwenda kanisani. Tumetoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji yanajaa. Mota haisikiki. Tulipita chini ya nyumba za Mji wa Kale tukasikia redio ya mtu juu dirishani, na kijiko kikikoroga chai. Mzee Swaleh alicheka kama mtoto. Alikuwa fundi saa miaka arobaini, anapenda chombo kinachofanya kazi bila kujitangaza.

Changu saba, tafi wanne, kolekole mmoja mdogo.

Nilikuwa na mita mfukoni. Kila aliponipa mgongo nilipima. Baada ya saa moja na robo ikaanza kushuka. Nikasema macho yananiuma, jua linanichoma, turudi. Akageuza boti pale pale. Akanipa kofia yake.

Uongo wa pili. Huu ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Jumatatu, 13 Oktoba

Rukia amenipigia simu. Baba yake amemweleza habari ya macho yangu. Anafanya kazi ya mapokezi katika kliniki ya macho, amenipangia niende keshokutwa asubuhi. Bila malipo.

"Ami Mutua, usiniangushe. Utakuja?"

Ningesema nini? Nimesema nitakuja.

Nimemwambia Mzee Swaleh asitoke peke yake Jumatano. Amesema atakwenda kuisugua boti tu.

Jumatano, 15 Oktoba

Macho yangu ni mazima. Daktari alisema hivyo, akanipongeza kwa umri wangu.

Nilikuwa nimekaa pale kwenye kiti wakati simu ya Rukia ilipolia: baba yake ametoka na boti, hajarudi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Niandike ilivyokuwa.

Mzee Swaleh aliisugua boti. Bahari shwari. Akaona atoke kidogo tu. Maji yalikuwa yanakupwa. Alipita ngome, akaweka boti mahali petu pa kolekole, mota ikifanya kazi ya kuishikilia. Kama saa moja na nusu. Kisha mota ikapungua nguvu, ikazimika. Mkondo ukamchukua kwenda nje.

Kafi lilikuwa moja. Alipiga kafi na bega lile. Aliendelea kupiga mpaka mkono ukakataa. Watu waliokuwa ufukweni Mama Ngina waliiona boti ikienda ovyo, wakadhani haina mtu, maana alikuwa amelala chini.

Wimbi lilimpandisha mwambani. Wazamiaji wanaovua kamba walimfikia alasiri. Kifundo cha mguu wa kushoto kimevunjika, bega limechanika upya, midomo imepasuka kwa jua. Boti imetoboka ubavuni. Wameivuta hadi bandarini pamoja na kila kitu.

Ana miaka sabini na moja.

Nimemwona hospitali. Alikuwa amelala. Nilisimama mlangoni kama mdaiwa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimezichukua betri bandarini. Hakuna aliyeniuliza kitu. Fundi wa umeme anachukua betri, ni jambo la kawaida.

Jumapili, 19 Oktoba

Amerudi nyumbani. Sebuleni kulijaa watu, majirani, watu wa msikitini, kahawa ikizunguka. Nilipewa kiti karibu naye. Rafiki wa mgonjwa.

Rukia alikuwa anawaeleza wageni. Baba alisahau kuchaji betri. Siku hizi anasahau. Mwezi uliopita aliacha funguo mlangoni. Juzi alimwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake. Aliyasema kwa upole, kwa uchungu, kama mtoto anayempenda babake. Wageni wakaitikia. Umri. Ndiyo dunia.

Mzee Swaleh alikuwa anaangalia vidole vyake.

"Mimi nakumbuka nilichaji," akasema.

Rukia akamshika bega zima. "Sawa baba."

Ile "sawa" ilinikata. Niliinywa kahawa yangu mpaka machicha.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimemkuta peke yake. Kuna karatasi zimebandikwa ukutani kwa mwandiko wake, ule mzuri wa kuandika majina nyuma ya saa. Dawa ya asubuhi. Zima jiko. Leo Jumanne. Jina la kila mjukuu na umri wake.

Akaniambia niketi. Akaanza kunihadithia Jumanne ile iliyotangulia, hatua kwa hatua. "Nilivua viatu. Nilichomeka chaja. Taa ilikuwa nyekundu, baada ya Isha ikawa kijani. Au kijani ile ilikuwa ya Jumamosi?" Akarudia tangu mwanzo. Mara tatu. Mara ya tatu alibadilisha, akasema labda hakuchomeka.

"Mutua, yawezekana nilisahau?"

Nilimwekea mto nyuma ya mgongo. Nikaondoka.

Mimi ni mtu mwoga. Sikujua mpaka leo ni mwoga kiasi gani.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimeipima tena ile ya pili, labda nilikosea mara ya kwanza. Nilitamani niwe nimekosea. Dakika kumi na nane.

Alhamisi, 23 Oktoba

Rukia amenituma nimtafutie mnunuzi wa boti. Wameshakubaliana ndani ya nyumba. Pia watampeleka baba kwa daktari wa kupima kumbukumbu. Mzee mwenyewe amekubali. Amesema ni kweli, akili inamtoka.

Nilifika mpaka kona ya nyumba yao kwenda kusema. Nikageuka.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimesema.

Nilikwenda asubuhi kabla miguu haijabadilisha nia. Alikuwa kitandani, mguu juu ya mito. Sikuketi.

"Mzee, hukusahau kuchaji."

"Wajuaje wewe?"

"Betri moja ilikuwa mbovu. Niliipima kabla hatujaitia botini. Nilijua."

Uso wake ulichangamka. Nitaukumbuka uso ule. Alimwita Rukia kwa sauti, akaja mbio anadhani ameanguka. "Sikusahau! Nilichaji! Mutua ndiye shahidi, sikusahau!" Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka.

Kisha akanitazama. Kicheko kikaisha kidogo kidogo.

"Ulijua lini?"

"Ijumaa ile. Kabla hujaja."

"Na ile Jumapili, mimi nacheka mle botini, wewe wajua?"

"Nilijua."

"Na macho?"

"Macho hayakuwa yanauma."

Rukia alikuwa amesimama na taulo mkononi.

"Ningekufa baharini, kifo chatoka kwa Mungu," akasema Mzee Swaleh. "Betri ningekusamehe hapa hapa. Lakini siku tisa wewe wanitazama nikiitafuta akili yangu, waninyamazia. Jumanne nalikuuliza. Kwa mdomo wangu nalikuuliza."

Nilitaka kusema niliogopa kuonekana sijui kazi. Lilikuwa dogo mno kulitamka mbele yake.

"Nenda nyumbani, Mutua."

Alipokuwa akigeukia ukuta, alinyoosha mkono akang'oa karatasi moja. Sikuona ni ipi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimekwenda na ndizi na machungwa. Rukia alinizuia mlangoni. Hakuyapokea.

"Ami, baba hataki wageni. Na hata angetaka, mimi sitaki."

Bado ananiita ami. Ni adabu aliyolelewa nayo, haina maana nyingine.

Kwa daktari wa kumbukumbu hawaendi tena. Hilo nimelisikia kwa muuza kahawa wa kona yao. Limenipa pumzi. Si furaha.

Jumatano, 29 Oktoba

Yule bwana wa betri kuukuu amerudi safarini. Ameniona njiani, akaniuliza kama zinafanya kazi. Nikamwambia moja ilikuwa mbovu. Akasema nimrudishie, atampata mtu mwingine wa kuichukua.

Nimekataa. Nimeipeleka mwenyewe kwa wayeyusha madini ya risasi, nikasimama mpaka wakaivunja. Hakuna nilichookoa. Ila haitaingia boti ya mtu.

Wakati wa kuivunja nilikiona kile chumba kilichokufa. Bamba limeliwa, limekuwa kama tope. Nilikuwa sahihi kabisa. Kazi naijua.

Jumamosi, 1 Novemba

Boti imeondoka leo. Mnunuzi ni mtu wa Mtongwe, ameiziba ubavu, ameweka injini yake ya petroli. Amekuja na ndugu zake wawili. Nilitazama kutoka juu ya ngazi za bandarini. Hakuna aliyenihitaji.

Dirisha la ghorofani kwa Mzee Swaleh lilikuwa wazi. Sikuweza kuona kama alikuwepo. Nilivua kofia hata hivyo.

Injini ilipiga kelele mpaka wakapinda, kisha ikasikika mbali, kisha basi.

Nilipita soko la samaki. Tangu nistaafu sijanunua samaki, miaka kumi na moja. Muuzaji aliniuliza nataka wa aina gani. Nikasema yeyote. Akanichagulia changu wawili, akawapara magamba, akawafunga kwenye gazeti.

Nimewakaanga jioni hii. Nimekula mmoja. Wa pili nimemfunika kwa sahani.